Gesi Chini ya Nyumba ya Mwalimu

Ndugu zangu, najua wengi wenu mmefika hapa mmechoka. Nawaona. Hata mimi nimechoka, sitawaficha. Juma hili peke yake nimesimama kwenye makaburi matatu. Kwa hiyo leo sina makelele ya kuwapigia. Nitawasimulia habari za mtu mmoja aliyechoka, na tuone uchovu wake ulimfikisha wapi.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu, Mwalimu Ngailo, kwenye mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Alijijengea nyumba ya mawe ubavuni mwa mlima. Kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha mteremko, akachimba chumba kimoja cha chini, nusu yake imeingia ardhini. Kilikuwa na joto kuliko vyumba vyote. Mkewe akakifanya cha kushonea. Miaka kumi na tisa mama yule alikaa mle na cherehani yake, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Akafa kwa saratani ya mapafu. Na hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja.

Baada ya msiba wakapita wataalamu wa chuo kikuu, wanapima hewa ya kwenye nyumba za mawe. Wakamwachia kifaa kidogo cha plastiki, ukubwa wa kopo la dawa ya viatu, akiweke kwenye chumba cha chini. Miezi mitatu baadaye akaja binti mmoja wa pale chuoni na karatasi ya majibu. Akamweleza kwamba kuna gesi inaitwa radoni. Inatoka kwenye miamba na udongo, inapenya kwenye nyufa za sakafu, na ikikuta nyumba imefungwa inajikusanya humo. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta kwa miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Chumba kile kilikuwa nayo zaidi ya mara tatu ya kiwango wanachoshauri wataalamu.

Mwalimu akauliza, "Ndiyo iliyomuua mke wangu?"

"Mwalimu, hilo siwezi kulisema. Ninachoweza kusema ni kwamba ipo. Na ina dawa. Unaziba nyufa, unapitisha bomba kutoka chini ya sakafu mpaka juu ya paa, unafunga feni ndogo ya kuivuta itoke nje. Halafu unapima tena."

Mwalimu hakuweka bomba. Aliweke kwa ajili ya nani? Alikuwa peke yake. Aliamua kuuza nyumba akaishi kwa binti yake.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa fundi umeme, mtu mpole. Mwalimu akamtembeza kote, walipofika chumba cha chini akamwambia yote, akampa na karatasi aisome. Yule fundi akasoma, akauliza maswali mawili matatu, akashukuru, akaenda zake. Hakurudi.

Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Huyo aliambiwa hivyohivyo, akacheka. "Gesi isiyo na harufu? Mwalimu, sema tu kuna mtu kakuroga." Kesho yake soko zima lilikuwa linajua. Miezi mitano hakuna aliyebisha hodi. Watoto wakipita pale walikuwa wanaziba pua.

Ndugu zangu, mnaujua uchovu huo? Umesema kweli, umekosa mteja. Ukasema tena, ukachekwa. Halafu unakaa na nyumba yako yenye baridi, unajiuliza: nimesema mara mbili, haitoshi? Ni mara ngapi Mungu anataka?

Basi wakaja wa tatu, mume na mke. Mke ni nesi, anaitwa Subilaga, ana mtoto mchanga mgongoni. Mume ni Ambilikile, ana kazi halmashauri. Wakaipenda nyumba. Walipofika kile chumba cha chini, Subilaga akasimama katikati, akaweka kiganja ukutani.

"Mwalimu, hapa pana joto zuri. Mtoto atalala hapa."

Mwalimu akaelekea mlangoni. Subilaga akamuuliza:

"Kuna jambo lolote kuhusu nyumba hii tunalopaswa kulijua?"

"Mlango wa jikoni unakwama wakati wa mvua," akasema Mwalimu.

Subilaga akamtazama. "Zaidi ya hilo, baba? Kuhusu chumba hiki?"

Hapo alikuwa na nafasi. Maneno aliyajua, alishayasema mara mbili. Lakini akawaza ile miezi mitano, akawaza watoto wanaoziba pua. Akajibu, "Hakuna, binti yangu. Ni chumba kizuri."

Wakaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mwalimu akahamia kwa binti yake, kwenye mji wa joto, akapewa kiti barazani na wajukuu wa kucheza nao. Lakini hakupumzika. Mjukuu mmoja akikohoa, Mwalimu anasimama. Alikuwa akiuona uso wa yule mtoto wa mgongoni. Miezi minane ikapita hivyo. Mwezi wa tisa akaaga kwamba anakwenda kumsalimia rafiki, akapanda basi.

Subilaga ndiye aliyemfungulia. "Mwalimu! Shikamoo. Karibu ndani."

"Marahaba. Siketi. Binti yangu, mtoto analala wapi?"

"Chini."

"Mtoe. Mtoe leo hii." Akamwambia yote, na karatasi akaitoa kwenye koti. Subilaga akamwacha amalize. Kisha akamtoa nje taratibu, akamwonyesha ukutani. Bomba jeupe lilikuwa limepanda kutoka chini ya msingi mpaka juu ya paa.

"Mafundi wawili, siku mbili," akasema. "Mtoto hakulala mle mpaka tulipopima tena tukaona imeshuka."

"Mlijuaje?"

"Mtu wa kwanza uliyemwonyesha nyumba hii, yule fundi umeme, ni kaka yangu. Alitaka kuinunua, akahamishwa kikazi juma lilelile. Ndiye aliyetuambia: kuna mwalimu anauza nyumba, ina dosari moja inayotibika, atawaeleza mwenyewe. Nunueni kwake, kwa sababu mtu anayeusema ubaya wa nyumba yake hana kingine cha kuwaficha. Nyumba zilikuwa nyingi, Mwalimu. Sisi tulikuja kwako kwa sababu ulisema kweli."

Mwalimu akashika ukuta. "Mbona siku ile hukusema kwamba unajua?"

"Nilikuuliza, baba. Nikakuuliza mara ya pili. Ulipojibu hakuna, ndipo tukaogopa. Gesi hatukuiogopa. Tuliogopa yale mengine ambayo huenda ulituficha. Tulikuwa tumeshaaga tulikopanga, hatukuwa na pa kurudi. Tumefumua dari yote kutafuta. Tumechimba mpaka kwenye shimo la choo. Hatukukuta kitu. Nyumba yako ni nzima. Lakini mpaka leo boriti ikilia, mume wangu anasimama na tochi."

Akamsamehe. Akampikia chai, wakanywa pamoja, akamsindikiza kituoni. Lakini ile imani waliyokuja nayo mlangoni siku ya kwanza hakuweza kumrudishia. Hakuwa nayo tena.

Sasa sisi. Tusimhukumu Mwalimu haraka. Hakuwa mwongo, alikuwa mtu mkweli aliyechoka. Na sisi tuko hivyo. Dada, ulimwambia mchumba wa kwanza habari ya ugonjwa wako, akakuacha. Sasa amekuja mwingine, na umeamua kunyamaza. Ndugu, pikipiki unayoiuza breki zake unazijua wewe. Tulisema kweli zamani, haikutuletea kitu tulichokiona, tukadhani imepotea njiani.

Haikupotea. Ilikuwa inatembea. Ilikuwa inamtafutia Mwalimu watu wema, ikawaleta mpaka mlangoni na mtoto wao, na siku ileile walipofika ndiyo siku aliyoacha kusema kweli. Ni nani kati yetu anayejua aliyesimama mbele yake leo ametumwa na neno gani alilolisema mwaka juzi?

Sisemi msichoke. Siwezi kuwaambia hivyo, na mimi sikai sawasawa kwa uchovu. Nasema hivi: ukiulizwa, jibu ukiwa umechoka hivyohivyo. Haihitaji nguvu nyingi. Mwalimu alihitaji kusema maneno mawili tu, "Ndiyo, lipo," na mengine Subilaga angeyamalizia mwenyewe.