Pweza wa Tundu la Mama

"Mla pweza wa mayai hula na wa mwakani." Mmeisikia leo gengeni, mkaicheka bila kuielewa. Kaeni vizuri basi. Methali hii ilianza hivi:

Ilikuwa mwaka wa 1961, majira ya kipupwe, katika kijiji cha Shungi kisiwani Pemba. Pweza walikuwa wamepungua, na waliopatikana hawakuzidi kiganja cha mtoto. Kwa hiyo wanawake wa Shungi walikubaliana kuufunga mwamba. Walisimika kuti la mnazi kuwa alama, na hakuna aliyeruhusiwa kuchokoa pweza mpaka kuti hilo ling'olewe.

Mize binti Faki alikubali pamoja na wenzake. Lakini kabla kuti halijang'olewa, watu waliotaka kumposa binti yake walileta habari kwamba wangekuja kula kwake. Nyumbani hapakuwa na kitoweo ila mchicha. Je, awaandalie wakwe wali kwa mchicha, binti yake asimangwe maisha yake yote?

Huko Shungi kila tundu la pweza lina mwenyewe. Mama humrithisha binti. Mize akajisemea, "Naenda kwenye tundu la mama yangu. Nani amewahi kujiibia?"

Maji yalipokupwa alikwenda peke yake, akachokoa. Pweza hakukimbia wala hakutoa wino. Aling'ang'ania jiwe hata mkono wake mmoja ukakatika. Mize alipomng'oa, aliinama akachungulia. Kwenye paa la tundu vilining'inia vishada vya mayai, meupe kama punje za mchele. Papo hapo samaki wadogo wakaingia, wakaanza kuyadonoa. Aliwafukuza kwa upindo wa kanga, wakarudi. Akawafukuza tena, wakarudi. Likabaki jiwe tupu.

Alimtia pweza kwenye pakacha, na ufukweni alikutana na Bi. Mkasi, mwangalizi wa mwamba.

"Mize, tangu lini pakacha likaota mikono?"

"Shikamoo, bibi. Huyu ni wa tundu la mama yangu."

"Marahaba. Tundu ni lako. Na watoto wake, ambao wangetawanyika mwamba mzima, nao ni wako?"

Mize aliinamisha kichwa. "Alikuwa na mayai, bibi. Yameliwa nikiyaona."

"Basi umekula na wetu wa mwakani. Nenda ukawapikie wakwe, wageni hawana kosa. Lakini mwamba unakudai."

Wakwe walikula, wakasifu, na posa ikapokewa. Mize hakuonja hata mchuzi.

Siku ya kung'oa kuti, wanawake walishuka mwambani kwa vigelegele. Wenzake walitoa pweza wa kubebwa kwa mikono miwili. Tundu la Mize lilikuwa na mchanga mtupu. Alihangaika mpaka akampata mmoja chini ya jiwe lisilo na mwenyewe. Hakumchoma kwa kijiti. Alimwacha amzonge mkono hadi kwenye kiwiko.

"Ehee, bibi harusi, umevaa bangili!" wenzake wakamtania.

Mize alipiga magoti kwenye tundu la mama yake, akauzamisha mkono, akasubiri. Pweza alijibandua polepole, akaingia ndani.

"We Mize! Umekiachia kitoweo chako?"

"Nimelipa deni," akajibu. "Mla pweza wa mayai hula na wa mwakani."