Uwanja Uliokunywa Mvua

Hapo zamani, si zamani sana, maana mabati yalikwisha kufika, kwenye mteremko mmoja wa vilima vya Taita alikaa mwanamke aitwaye Mghoi. Nyumba yake ilikuwa chini. Juu yake alikaa mama mkwe wake, Wakesho, na mvua iliyonyesha kwa Wakesho ilikuja kulala kwa Mghoi.

Masika yaliyotangulia, maji yalimchukulia jiko, mafiga na kuni pamoja. Sasa yalikuwa yanakula ukuta wa chumba cha kulala, na Mghoi alikuwa na mimba kubwa. Aliogopa. Kila wingu lilipojikusanya alishika tumbo, akautazama ule ukuta.

Wifi yake, Mkamburi, mwanamke wa nguvu na maneno machache, alimchimbia mfereji ili kumsaidia. Mfereji ukanyooka vizuri mno. Ukayakusanya maji yote ya juu na kuyafikisha mlangoni kwa Mghoi upesi kuliko kwanza. Basi Mkamburi akachimba wa pili. Msicheke, hata ninyi mngechimba.

Ndipo akaja jirani yao Wawuda, mfinyanzi, bila kuitwa. Alikuwa hajakanyaga pale miaka mingi, kwa kuwa yeye na Wakesho walinuniana juu ya mbuzi aliyekula mihogo.

"Mnayafukuza maji, ndiyo maana yanakimbia," akasema. "Yapeni pa kukaa."

Akatoboa shimo karibu na mlango, akamwaga maji; yakatuama. Akatoboa kando ya njia, yakatuama. Mwisho akatoboa katikati ya uwanja wa Wakesho, na maji yakazama kabla hajaweka ndoo chini.

"Ni hapa. Juu pamekuwa pagumu kama sahani kwa kufagiwa, lakini chini ni mchanga. Kwingine kote ni udongo wa vyungu."

Mghoi akamtazama mama mkwe wake. Uwanja ule Wakesho aliufagia kila alfajiri tangu alipoletwa bibi harusi, mpaka jani likianguka lilikuwa kama linaona haya. Hapo wanawe walijifunza kutembea. Hapo mumewe alilazwa siku ya kuagwa. Wakesho akaingia ndani, akatoka na jembe.

"Chimbeni," akasema, "ila msinitake nitazame."

Mkamburi akachimba. Akachimba na jua, akachimba na homa, shimo pana la kufika magotini. Akachanganya mchanga na samadi, akaelekeza humo maji ya paa na ya mifereji yake, akapanda magimbi katikati na mchaichai ukingoni, shimo likawa bustani.

Mvua kubwa ikaja siku Mghoi aliposhikwa na uchungu. Bustani ikajaa, ikatulia, ikanywa. Ukuta ukasimama, na mtoto wa kike akazaliwa pakavu.

Sasa, kwao mtoto hurithishwa jina la mtu, na jina ni moja tu. Mume wa Mghoi, aliyekuwa kazini mbali, alituma neno: "Wewe ndiye uliyelala na huo ukuta. Chagua wewe."

Wawuda akasema, "Apewe langu. Bila mimi mngekuwa bado mnachimba mifereji."

"Udongo huu uliujua miaka yote," akasema Mkamburi. "Jiko lilipochukuliwa ulikuwa kwako, umenuna. Apewe langu. Tazameni mikono yangu."

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyoleta maji mlangoni," akasema Wawuda.

Wakamgeukia Wakesho. "Mimi nimetoa uwanja wangu," akasema. "Sina kingine."

"Na ni nani aliyeufagia mpaka ukawa mgumu," akauliza Wawuda, "maji yakawa yanateleza kwenda kwa mkaza mwanao?"

"Ni mimi," akasema Wakesho. "Sikujua."

Mghoi akampakata mtoto. Aliwapenda wote watatu, na alikuwa na hasira nao wote watatu, ukweli ndio huo. Akamwona mama mkwe wake ameshika ufagio. Tangu bustani ichimbwe, kila alfajiri Wakesho aliamka nao, akasimama ukingoni mwa magimbi, hana pa kufagia.

Basi msiniangalie mimi, mimi si mzazi. Watu watatu wamekaa pale wanangoja, na mtoto analia hana jina la kuitwa. Je, jina ni la nani?