Kilo Tisini za Atuganile

Hii nimeletewa na shemeji yangu aliyeko Mafinga. Nimeisoma mara mbili nikaona siwezi kuikalia peke yangu. Na ninyi mnaosoma mstari wa kwanza halafu mnaweka kidole gumba, leo nawaomba mfike mwisho.

Vijiji viwili vya milimani, Lwandilo na Kidilo, kila kimoja kilikuwa na msitu wake wa mipaina ya miaka kumi na moja. Kule Lwandilo mwenye mashine ya mbao alishaanza kuwazungukia wazee, anataka kuivuna changa hivyo hivyo. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeshalegea.

Kabla hawajatia sahihi akaja Dakta Mushobozi, mtaalamu wa shirika linalovilipa vijiji visivyokata miti, maana mti unapokua unavuta hewa chafu na kuihifadhi kaboni yake mwilini. Nafasi ilikuwa ya kijiji kimoja tu. Akachagua paina moja katika kila msitu, zote mbili zikilingana unene na urefu.

"Angusheni, mng'oe mpaka mizizi, mpime. Nikirudi baada ya wiki tatu mniambie mti wenu umehifadhi kilo ngapi za kaboni."

Siku ya kupima Dakta mwenyewe alikuwepo, kisha akaondoka. Kila mti ulitoa kilo mia nne. Na kwenye semina za shirika watu walishasikia kwamba nusu ya mti ni kaboni. Kidilo wakaandika mia mbili siku hiyo hiyo, wakaenda zao kunywa ulanzi.

Lwandilo nao wangeandika hivyo hivyo, kama si Atuganile Mgimba, katibu wa kikundi cha wapanda miti. Miche ile aliipandisha mlimani yeye na wenzake, kichwani. Akamwambia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyagawa:

"Mzee, mimi nimebeba kuni tangu nina miaka saba. Mzigo mbichi unakuvunja shingo. Ukikauka, unaubeba huku unaimba. Kilichopungua ni maji, na sisi hatukuulizwa maji."

Akachukua kilo kumi za vipande: shina, matawi, majani, mizizi, kila kimoja kwa kiasi chake. Akavipanga kwenye kichanja juu ya meko yake. Kila asubuhi anavishusha, anavipeleka dukani kwenye mizani, anaandika, anavirudisha. Watu wakamcheka wee. Eti mama Mgimba anakausha mti kama samaki.

Siku ya kumi na nane uzito uligoma kushuka. Kilo kumi zilikuwa zimebaki nne na nusu. Akapiga hesabu: mti wa mia nne, ukikauka, ni kilo mia na themanini. Nusu yake, tisini.

Mzee Nyagawa alishika kichwa. "Tisini? Wenzetu wana mia mbili! Binti yangu, unataka tukawaite watu wa msumeno sisi wenyewe? Sema mia mbili, yaishe."

"Basi simama wewe uiseme, mzee. Mimi kinywa changu hakitaitamka."

Kumbe na mzee kuisema hakutaka.

Siku ikafika, vijiji vyote viwili uwanjani. Kidilo wakatangaza mia mbili, wakapigiwa makofi. Atuganile akasimama, akasema, "Tisini." Uwanja mzima ukacheka. Watu wa kijiji chake wakainamisha macho, na jirani yake akamvuta khanga ili akae. Hakukaa.

Dakta akatoa karatasi.

"Siku ile mnapima, nilichukua vipande vya miti yote miwili. Nimevikausha kwenye tanuri la maabara. Mti wa Kidilo una kilo themanini na tisa za kaboni. Ndugu zangu, mmenipimia maji. Mti wa Lwandilo," akaitazama tena karatasi, "tisini na moja."

Akamgeukia Atuganile.

"Mama, umekausha kwa tanuri gani?"

"Meko yangu, Dakta. Ya mafiga matatu."

Dakta akacheka mpaka akavua miwani, akaenda kumpa mkono kwa mikono yote miwili. "Nafasi ni ya Lwandilo," akasema. "Na vipimo vyote vya msitu atavisimamia huyu mama."

Vigelegele vya siku ile, shemeji anasema, vilisikika ng'ambo ya bonde. Mzee Nyagawa akaomba kipaza sauti. "Mwenye mashine ya mbao yupo hapa? Ndugu, nenda salama. Msitu haukatwi. Na mimi nilitaka kumnyamazisha huyu mama, nimekosa mbele yenu wote."

Atuganile alilia pale pale bila kujificha, na wanawake wenzake wakambeba juu juu wakapanda naye mlimani, kwenye miti waliyoipanda.

Funzo: Ukiwa umeifanya kazi yako sawasawa, simama na jibu lako hata kama ni dogo na watu wanakucheka, kwa sababu anayeuliza kwa makini hatafuti namba kubwa, anatafuta mtu wa kumwamini.