Kiwingu cha Fundi Saa

Jivuteni mbele kidogo, ndugu zangu, wa nyuma nao wapate pa kukaa. Leo sitawachosha. Nina mfano mmoja tu, na aliyekuja na usingizi wake auambie usubiri.

Kulikuwa na fundi saa mmoja, huko bara, mji mkavu ambao kiangazi kikiingia mbingu inatakata mpaka nyota unaziona zimesongamana. Fundi huyu alikuwa na macho. Nikisema macho, namaanisha macho. Shaabani ikielekea kwisha, mji wote hutoka kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na mnajua tunavyokuwa, kila mtu ananyoosha kidole na hakuna aliyeona kitu. Yeye alikuwa anasimama kimya, anakaza macho pale jua lilipozama, kisha anasema, "Ule pale." Basi, mji unafunga.

Siku moja akasikia redioni kwamba huko juu, kati ya nyota na nyota, kuna kiwingu cha nuru hafifu, wataalamu wanakiita nebula, na mle ndimo nyota mpya zinamozaliwa. Mwenye darubini ndogo anaweza kukiona. Jambo hilo likamwingia. Akatafuta lenzi, akazifunga kwenye bomba la maji la plastiki, akapata darubini ya haja. Kila kiangazi, akishasali Isha, anapanda nayo juu ya paa la saruji, mkewe kando yake ameshika stuli ya kuiegemeza isiyumbe. Njia ya kufika alikuwa akiisema kwa sauti, kama anamwelekeza mgeni: toka kwenye nyota nyekundu, shuka mpaka mbili ndogo zilizokaribiana, simama kuliani kwao. Anafika. Anakaza macho. Giza tupu.

"Kipo?" mkewe anauliza.

"Hakipo. Tutajaribu kesho."

Miaka ikaenda hivyo, kesho juu ya kesho. Kisha ukaja ugonjwa wa macho. Nieleweni vizuri, hakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Pembeni alikuwa anaona: mlango anauona, kuku akipita anamwona. Lakini chochote alichokielekezea macho kilifunikwa na doa jeusi. Ukimpa saa, doa linaimeza. Daktari akamwambia ukweli, kwamba macho yale hayatarudi. Akafunga kibanda chake. Mwezi wa Ramadhani ukatafutwa na wengine. Yote hayo aliyameza, lakini moja lilimshinda. Kila akimgeukia mkewe, mahali pa uso pana doa.

"Mama Zaituni," alimwambia jioni moja, "sura yako inanipotea. Naogopa nitamaliza umri wangu na mtu nisiyemjua."

"Mimi nipo hapa hapa, Baba Zaituni."

"Najua upo. Sikuoni."

Haya, nyinyi wenye ndoa, ungekuwa wewe ungemjibu nini? Yule mama aliinuka. Alichukua lile bomba, akamwambia twende juu.

"Nikafanye nini?" fundi akasema. "Nilipokuwa na macho sikukiona, leo nitakionea wapi?"

"Njoo tu ukae na mimi, ndani kuna joto."

Wakapanda. Mama akaielekeza darubini mwenyewe, maana njia alikuwa ameisikia mpaka imemkaa kichwani. Fundi akaweka jicho, kumridhisha tu. Doa likakaa katikati, kama kawaida yake. Lakini kando ya doa pakatokea kitu cheupe, hafifu, kama pumzi juu ya kioo. Akaligeuza jicho akitazame sawasawa, kikapotea. Akalirudisha upande, kikarudi.

"Kipo," akasema.

"Acha masihara."

"Wallahi kipo. Njoo uone. Usikikodolee, tazama pembeni yake."

Mama akatazama pembeni, akakiona. Wakawa wanapokezana pale, wazee wazima, wanacheka kama watoto.

Mmefahamu kilichotokea? Wajuzi wa nyota wanalijua jambo hili. Katikati ya jicho ni hodari penye mwanga, lakini gizani nuru hafifu huonekana kwa pembeni ya jicho. Fundi wetu miaka yote alikitafuta kiwingu vile anavyoutafuta mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo unaukazia macho. Kiwingu ukikikazia, kinakukimbia. Na muda wote huo kilikuwepo.

Sasa msinitilie maneno kinywani. Sisemi ugonjwa ule ulikuwa neema. Mtu akija na maneno hayo wakati wewe umelala hospitali, mpe salamu zake aende zake. Msiba ni msiba. Ila sikilizeni alichofanya.

Alimwambia mkewe, "Washa taa." Mama akawasha. Fundi hakumgeukia. Akayaelekeza macho kwenye tangi la maji lililokuwa kando ya mkewe, akatulia hivyo kwa kitambo.

"Mbona unatazama tangi?"

"Nakutazama wewe. Unalia."

"Silii."

"Unalia, Mama Zaituni. Nakuona."

Ndugu zangu, miezi yote ile dua yake ilikuwa moja, nirudishie macho yangu. Hakurudishiwa. Tangu siku ile dua yake ikaanza na Alhamdulillahi, ndipo aombe.

Na sisi je? Sisi tumelikodolea doa gani? Kuna aliye hapa anaomba mtoto, na mwingine anaomba kazi. Kuna aliyezika juzi, na kila anapotazama analiona kaburi. Sikwambii usiumie, na sikwambii uache kuomba. Nakuuliza tu, kando ya hilo doa lako kuna uso wa nani? Nani anakupikia nawe humwoni, nani anakuombea hujawahi kumuuliza ameamkaje? Tunalia kwamba Mungu ametunyima, na yule tuliyepewa ameketi pembeni yetu, anatungoja tugeuze jicho kidogo.

Sitafunga kwa dua ndefu leo, tumeomba sana humu. Rudini nyumbani mkawatazame watu wenu. Mkishawaona, shukuruni kwanza.