Shoka la Kinuni

Nimetumiwa hii asubuhi, na tangu hapo chai imenishinda. Soma taratibu, ukimaliza mpelekee mwingine.

Zamani, katika kisiwa kilichojaa mashamba ya miwa, palikuwa na kinu cha sukari. Maji ya mto yalizungusha magogo mawili ya chuma, na watumwa waliyalisha miwa kuanzia alfajiri. Kando yake, kwenye msumari, lilitundikwa shoka. Lilinolewa kila siku, na halikuwa la kuni.

Mtu akisinzia, magogo yalimshika vidole. Maji hayaambiwi simama. Basi mwenzake alichukua shoka upesi akamkata mkono, kabla mwili mzima haujavutwa ndani. Hiyo ndiyo huruma iliyokuwepo pale, jamani.

Siku moja magogo yalimshika kijana aitwaye Songoro. Pembeni yake alikuwa msichana aitwaye Zafarani, mjoli wake; ndivyo walivyoitana watumwa wa bwana mmoja. Zafarani hakupiga kelele. Alirukia shoka, akamkata mkono wa kushoto kwenye kiwiko, kisha akakifunga kigutu kwa kipande cha nguo yake.

Songoro akapona. Kwa mkono uliobaki akalitoa shoka lile msumarini na kuwaongoza watumwa wenzake. Vita vilikuwa vya moto na damu, lakini mabwana walishindwa, na waliosalimika wakakimbilia merikebuni. Songoro akasimama mbele ya kinu huku analia.

"Wajoli wangu, kinu hiki hakitameza mtu tena!"

Wakamfanya mtawala. Na alistahili, tusimdhulumu. Shoka likavishwa fedha, likatundikwa ikulu juu ya kiti chake, na kila mgeni alisimuliwa habari zake.

Miaka ikapita. Zikaja habari kwamba mabwana wanaunda jeshi la kurudi. Songoro akawa anaota minyororo, anaamka amelowa jasho. Alihitaji bunduki, na bunduki zilipatikana kwa sukari tu. Lakini watu hawakutaka tena hata kunusa miwa. Kila mmoja alikuwa na kishamba chake cha mihogo, ametulia. Akawaomba, hawakuja. Ndipo alipotuma askari wenye viboko wawapeleke kinuni kwa nguvu.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Majaliwa, mwana pekee wa Zafarani. Mama akaenda ikulu.

"Mjoli wangu, niachie mwanangu."

Neno lile lilimchoma Songoro mbele ya mawaziri wake. "Dada, hapa hakuna wajoli. Nchi hii haina mtumwa. Hao ni askari wa sukari."

"Askari gani anafungiwa mlango na kuchapwa?"

"Unataka mabwana warudi?"

Zafarani naye aliwaogopa mabwana. Akanyoosha kidole ukutani. "Basi kama ni lazima, rudisha shoka kinuni. Wanafanya kazi wakiwa hoi. Watasinzia."

Songoro akalitazama shoka. Alijua mama yule anasema kweli. Kigutu chake mwenyewe kilikuwa shahidi. Lakini kulirudisha shoka kungekuwa kuwatangazia watu kwamba kinu chake ni kilekile cha bwana. Aibu ikamshinda.

"Kinu changu hakimezi mtu," akasema. "Nilishatamka. Nenda nyumbani, dada."

Haukupita muda, msimamizi wa kinu akaja mbio, nguo zimetapakaa damu.

"Mtukufu, Majaliwa alishikwa vidole. Tukakimbilia shoka. Msumari ulikuwa mtupu."

"Mkafanya nini?"

"Tukamshika miguu, tukavuta. Magogo yalitushinda nguvu."

Songoro hakula siku ile. Zafarani alipoingia, kaniki yake imeganda damu, Songoro aliwatoa nje walinzi wote. Akapanda juu ya kiti chake, akalishusha shoka kwa mkono wake mmoja, akampa huku amepiga magoti.

"Nipige. Ni haki yako."

Akainamisha shingo, akangoja. Loo, alingoja! Hakusikia kitu ila nyayo zikielekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kinuni," akajibu Zafarani bila kugeuka. "Pale aliposimama mwanangu, askari wako wameshamsimamisha mwana wa mwenzangu."

Akalitundika shoka kwenye msumari wake wa zamani, na fedha yake vilevile. Kisha akaenda kuzika kilichopatikana.

Songoro angeweza kukisimamisha kinu siku ile. Neno moja lingetosha, na wala hakuna ambaye angemcheka. Hakulisema. Alijiambia ni sukari ya msimu huu tu, msimu ujao atawaachia waende zao.

Lakini wale waliowahi kuwa watumwa waliliona shoka limerudi palepale lilipokuwa enzi za bwana, wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Asubuhi moja Songoro akasikia makelele kwa mbali. Akadhani mabwana wametia nanga. Akaamuru zitolewe bunduki zote alizozipata kwa sukari.

"Merikebu ngapi?" akamuuliza mlinzi.

"Hakuna merikebu, Mtukufu. Wanatoka upande wa kinu."

"Wana silaha gani?"

"Aliyetangulia ana shoka lenye fedha."

Songoro akaketi. Ukutani, juu ya kichwa chake, palibaki alama pale shoka lilipokaa miaka yote. Akawaambia walinzi waweke bunduki chini na kufungua mlango. Kisha akainamisha shingo, akangoja kama alivyongoja mbele ya Zafarani.

Funzo: Aliyetutoa utumwani anastahili shukrani zetu, lakini hastahili kupewa watoto wetu. Na kiongozi anayeona aibu kukiri kwamba watu wake wanaumia, atawazika kwa sababu ya aibu hiyo, mpaka siku watakapomfuata mlangoni.