Mkwe wa Injinia na Kisima cha Somoe

"Ukiyasifu maji, mnyweshe mkweo." Ndivyo mteja alivyokuambia, Swalehe? Na wewe ukamjibu kwamba huuzi maji, unauza mipira ya jiko la gesi? Haya! Na ninyi mnamcheka mwenzenu bure, kwani hata ninyi hamjui. Swalehe, keti hapo, weka chini hilo kapu lako la mipira. Wengine, karanga hizo hazijimenyi zenyewe. Mkono umenye, sikio lisikie.

Mnadhani methali hii ni ya mababu. Si ya mababu hata kidogo! Mimi Asumini, bibi yenu niliyeketi hapa, nilikuwepo ilipozaliwa, na meno yangu yote yalikuwa kinywani. Ilizaliwa hivi.

Kijiji chetu cha Namkulya kiko juu ya uwanda, na huku juu maji ni shida. Zamani tulikuwa tunateremka bondeni na ndoo kichwani, ukirudi jua limekuwa kali na shingo imezama mabegani. Aliyetuokoa ni shemeji yangu Nanyambe, mume wa dada yangu Somoe. Walichimba kisima wao wawili, yeye chini na sururu, dada juu na kamba, watu wakiwacheka. Maji yalipotoka, Nanyambe hakunywa. Alijaza kata akampelekea mkwe wake, yaani mama yetu sisi. Ndiyo desturi ya hapa: mchimba kisima humpa mkwe wake kata ya kwanza. Mkwe si mtu wa kufanyiwa majaribio. Maji yenye mashaka unaweza ukayanywa mwenyewe ukasema liwalo na liwe, lakini humpi mkwe! Mama akanywa, akasema, "Matamu," na kijiji kizima kikapanga foleni.

Miaka michache baadaye Nanyambe akafariki, Mungu amrehemu. Alimwachia dada watoto na kisima kile. Somoe alikilinda, jamani! Uthubutu kuchotea ndoo chafu, utayasikia yako na ya ukoo wako.

Basi, wakaja watu wa gesi. Mkubwa wao aliitwa Injinia Leonsi Millanzi, kijana mtanashati, na mwenye adabu zake, nisimsingizie. Akaitisha mkutano. Akatueleza kwamba chini kabisa ya miguu yetu upo mwamba wa tabaka tabaka, na ndani yake gesi imenaswa. Ukitoboa tu haitoki. Lazima maji yenye mchanga na dawa yasukumwe kwa nguvu mpaka mwamba upate nyufa, ndipo gesi ipande juu. Serikali, akasema, imechoka kununua mafuta ya wenzetu kuendeshea mitambo ya umeme, na misitu nayo inakwisha kwa mkaa. Sasa tutakuwa na gesi yetu wenyewe na umeme wetu wenyewe.

Tulipiga vigelegele, kwa nini nidanganye? Watoto walikuwa wanasoma kwa koroboi, na mashine ya kusaga ilikuwa inabugia dizeli. Nani asiyetaka umeme?

Somoe akasimama. "Mwanangu, kile kigingi chenu chekundu cha kuonyesha pa kutoboa mmekichomeka karibu na kisima changu. Mkishaupasua huo mwamba, na hiyo dawa yenu, maji yangu je?"

"Ondoa shaka, mama," akasema Injinia. "Nimeambiwa maji ya kisima chako hayana mfano, na yatabaki vivyo hivyo. Mtayanywa ninyi, na wajukuu wenu watayanywa."

"Umeyasifu vizuri. Umeoa?"

Watu wakaguna. Injinia akatabasamu. "Nimeoa, mama. Juzi juzi tu."

"Hongera. Mama mkwe yuko hai?"

"Yuko hai, mzima wa afya."

"Basi mlete. Akae kwangu mpaka mmalize kazi. Nitamlaza kitandani kwangu, nitampikia, na kila siku atakunywa maji haya haya unayoyasifu."

Lo! Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mzee Chitopela, mwenye mashine ya kusaga, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Lakini Injinia hakucheka. Alitoa leso akajifuta uso.

"Mama, habari za mkwe ni mambo ya familia," akasema.

"Na kisima changu ni mambo ya nani?"

Injinia akakunja makaratasi yake taratibu. "Nipeni wiki moja," akasema, na gari likaondoka.

Wiki ikapita, gari hatulioni. Ikapita nyingine. Hapo kicheko kikageuka. Mzee Chitopela akawa anapita nyumba kwa nyumba akisema Somoe ameifukuza gesi kwa mdomo wake. Wanawake wakija kisimani wanachota kimya, hata salamu inawashinda. Dada alikuja kwangu akalia. "Asumini, kijiji kizima kikinichukia, kisima kitanifaa nini? Na kikiharibika je, Nanyambe nitamwambia nini?" Niliumia sana. Nilimpa uji tu, nikakaa naye.

Kumbe huko mjini Injinia naye hatulii. Haya tulikuja kuhadithiwa baadaye na mkwe wake mwenyewe, Mama Eustella, huku akicheka. Na Mama Eustella si mtu wa mchezo: mwalimu mstaafu, ambaye posa ya kijana huyo aliirudisha kwanza kabla ya kuikubali. Basi Injinia kila akitazama ramani ya kazi yake, anamwona mkwe ameshika kata. Kule mkutanoni hakusema uongo, aliamini alichosema. Ila kuamini kwa niaba ya kijiji cha watu ni kitu kimoja, kwa niaba ya mkwe ni kingine! Akajiuliza kama kweli angempa maji yale, akaona ulimi hausemi ndiyo. Tundu lilipangwa karibu mno na kisima. Bomba la kupita ndani ya tundu lilipangwa kuwa moja tu, ili kazi iende haraka. Na yale maji machafu yatakayorudi juu yangemwagwa kwenye shimo la wazi.

Akamwendea bosi wake. Akataka tundu lihamishiwe ng'ambo ya kilima, bomba liwekwe ndani ya bomba na saruji katikati, na maji machafu yafungiwe kwenye matangi. Bosi akawaka.

"Gharama yote hiyo ya nini? Kijiji kimekataa?"

"Hakijakataa, bosi. Kimemwita mkwe wangu."

"Mkwe?"

"Mkwe. Akanywe maji yao. Na wakimaliza wa kwangu, wataulizia wa kwako."

Wanasema bosi alichukua kalamu akatia sahihi.

Siku gari liliporudi tulilikimbilia wote. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mama mnene wa kitenge, mkoba kwapani, anatembea kama anakwenda kukagua darasa. Nyuma yake Injinia amejitwika godoro. Hakutaka kiti wala chai. Moja kwa moja kisimani. Somoe akamchotea kwa kata ile ile ya Nanyambe. Mama Eustella akanywa yote, akajifuta midomo.

"Matamu," akasema. Kisha akageuka. "Mkwe, umeyaonja?"

"Bado, mama."

"Yaonje. Uyajue vizuri, maana siku yakibadilika ladha utayasikia kwangu kwanza."

"Ndiyo, mama. Shikamoo, mama."

Na asubuhi alikwisha kumwamkia! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Dada yangu alicheka huku machozi yanamtiririka, na wale wanawake waliomnunia wakamkumbatia.

Mama Eustella alikaa msimu mzima. Injinia alikuwa kisimani kila kukicha, anachota maji kwenye chupa yake ya kupimia kabla mkwe hajaamka. Na kule kwenye mtambo, fundi akitaka kulipua kazi ili amalize haraka, mwenzake anamnong'oneza, "Mkwe anakuja!" basi kila mtu anarudi kwenye nati zake na kukaza upya.

Gesi ikatoka. Sitawadanganya kwamba kila tulichoahidiwa kilikuja. Gesi ya kupikia ilichelewa hata tukaisahau, ndiyo maana mnaniona na huu mtungi wa dukani. Lakini umeme ulikuja, mashine ya Mzee Chitopela ikaacha kukohoa moshi, na yeye akamletea dada debe la unga kumwomba radhi. Na maji ya kisima mmeyanywa asubuhi hii. Yana kasoro gani?

Tangu hapo, akija mtu anaapia dawa yake ya mikorosho, au diwani anayesifu daraja lake, kuna sauti itakayotoka nyuma: "Mkweo amelivuka?" Maneno yakawa yanafupishwa, yakavuka mpaka wa kijiji, leo yamemfikia Swalehe sokoni.

Sasa wewe. Mipira yako unasema ni imara, haivuji, na bei ni ya kutupa. Ulioa mwaka jana, na mama mkwe wako anapikia gesi. Kwake umefunga?

Mbona unalitazama kapu?

Aha, umesimama. Unatafuta nini? Sabuni na beseni? Viko pale kando ya mtungi. Ndiyo, paka povu kila mpira, ziba ncha moja, pulizia nyingine. Panapotoa mapovu, panavuja. Utakaokuwa mzima mpelekee mkweo, umsalimie kwa niaba yangu, kisha ndipo urudi kwa yule mteja. Hakukutukana, mjukuu wangu. Ukiyasifu maji, mnyweshe mkweo.