Dawa ya Masikio ya Bwana Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Nimesema paukwa!

Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Palikuwa na sikio!

Likaziba!

Palikuwa na dawa!

Ikafichwa!

Na aliyeificha?

Tumbo kubwa!

Basi kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisalimiana kama watu, palikuwa na bibi mmoja mdogo, Bi Kalunguyeye. Kalunguyeye mnamjua, yule mwenye miiba mgongoni, ukimgusa anajikunja. Huyu alikuwa amezeeka, na masikio yake yamezeeka pamoja naye. Na kalunguyeye, jamani, hawindi kwa macho. Anawinda kwa sikio. Mende anapita chini ya majani makavu, kwaru kwaru kwaru, kalunguyeye anasikia, anaruka, nyaka! Amekula. Sasa mende walikuwa wakipita mbele yake na wake zao na watoto wao, na bibi wa watu analala njaa.

Lakini njaa haikumuuma kama dharau. Wenzake wakicheka, akauliza, "Mnacheka nini?" wanaambiana kwa sauti mbele yake, "Aa, mwacheni, hasikii huyo." Hasikii huyo! Kana kwamba asiyesikia hastahili hata kuambiwa. Hilo lilimchoma, naye alikuwa bibi wa hasira tangu ujana wake.

Hakuwa peke yake. Kobe masikio yalikuwa yameziba. Nungunungu masikio yalikuwa yameziba. Mzee Digidigi yalikuwa yameziba kabisa, mkewe ndiye aliyemsikilizia. Chui akikaribia, Bi Digidigi anamgusa bega, wanakimbia pamoja. Na Bwana Kiboko, mwenye bwawa, mwenye ukingo, mwenye kila kitu, naye masikio yalikuwa yameziba.

Kiboko shida yake haikuwa chakula. Majani hayapigi kelele. Shida yake ni kwamba hakuweza tena kusikia ni nani anayemsengenya, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Siku moja mganga wake, Korongo, akamsogelea na kumpigia kelele sikioni. "Bwana mkubwa! Kuna mzizi unaota ukingoni mwa bwawa lako! Ukichemshwa, ukatiwa sikioni, huenda uziwi wa uzee ukaondoka!"

"Huenda?"

"Huenda! Haujajaribiwa!"

"Basi ujaribiwe."

"Nikutie, bwana?"

"Mimi? Una wazimu! Wazee wamejaa porini, unataka kunijaribia mimi?"

Mbiu ikapigwa. Wazee wote, njooni bwawani! Dawa inajaribiwa! Ikifaa, ni yetu sote! Wazee wakaja, mmoja anamshika mwenzake, na Bi Kalunguyeye akaja na tumbo lake tupu.

Chungu cha kwanza kilikuwa cheusi, kinatoa povu. Mzee Digidigi akatangulia, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na alishukuru kabla hata hajatiwa. Korongo akachovya unyoya. Tone. Digidigi akaanza kuzunguka, zungu, zungu, zungu, kama pia, mpaka ukingoni, chubwi! Hakuibuka.

Mkewe akabaki amesimama pale pale, shingo ameinyoosha kuelekea majini.

"Hiyo ilikuwa kali," akasema Korongo.

"Ipunguze," akasema Kiboko.

Basi. Hata pole hawakusema. Pole ni neno fupi, mtoto mdogo analiweza, nalo likawashinda. Korongo akakifunika kile chungu kwa jani na kukiweka kando, akatia kingine motoni. Wazee walipoona hivyo wakageuka waende zao. Kiboko akatoka majini, akaziba njia, akafungua kinywa. "Anayetaka kuondoka aondoke kwa kupitia humu," akasema. Hakuna aliyetaka kupitia humo.

Chungu cha pili, Nungunungu akatapika mpaka miiba ikamlegea. Chungu cha tatu, Kobe akaingiza kichwa ndani na kuugulia humo humo. Chungu cha nne wakatiwa wote, tone kwa tone, na Bi Kalunguyeye akawa wa mwisho.

"Umesikia?" akapiga kelele Korongo.

"Eeh?" Hakusikia kitu.

"Rudini kesho niwapime."

Bi Kalunguyeye akashika njia ya kwao. Alipofika kichakani, akasikia. Kwaru. Akasimama. Kwaru kwaru. Akainua mguu mmoja. Kwaru kwaru kwaru! Nyaka! Mende mnene, mtamu, na machozi yakamtoka bibi akiwa bado anatafuna.

Hajamaliza kumeza, akasikia sauti nyingine kutoka bwawani. Kiziwi hajui kunong'ona. Kiboko alikuwa akisema siri yake kwa sauti ya kuita mvua.

"Kesho wakisikia tu, Korongo, ng'oa mizizi yote! Itie bwawani chini ya tumbo langu! Atakayekuja kuomba nitamng'ata!"

"Na ile ahadi, bwana? Kwamba dawa ni ya wote?"

"Ahadi niliwapa viziwi! Nani aliisikia?"

Na wakacheka, kwa-kwa-kwa, wote wawili. Miiba ya Bi Kalunguyeye ikagongana kwa hasira. Akarudi mbio kwa Kobe na Nungunungu, akawakuta wamekaa kimya wanasikiliza ndege na kulia kama watoto. Akawaeleza yote.

"Kesho wakituuliza," akasema, "hakuna aliyesikia. Wakisema hili, eeh? Wakisema lile, eeh? Wakidhani dawa haifai, wataitupa, nasi tutaiokota."

Kobe akakuna shingo. "Bi Kalunguyeye, huo si uongo? Yule ni mkubwa wetu, na mganga wake ametuuliza kwa nia ya kujua."

"Uongo? Mzee Digidigi yuko wapi, Kobe?"

Kobe akarudisha kichwa gambani.

"Nimekuuliza yuko wapi. Masikio yaliyochomwa ni yetu, waliotapika ni sisi, aliyezama ni wetu. Halafu dawa iwe yake peke yake? Ukikohoa tu kesho, Kobe, nitaingia humo ndani ya gamba lako nikae nawe mpaka ufe."

Kesho yake wakapangwa mstari. Korongo akaenda nyuma yao, akagonga mdomo wake. Ka-ka-ka-ka! Kimya. Akavunja tawi kavu. Kwachu! Kimya.

"Mnasikia?"

"Eeh?"

Akaanza matusi. "Nungunungu! Watoto wako walikukimbia kwa kuwa unanuka!" Miiba ya Nungunungu ikataka kusimama, akailaza kwa taabu. "Kobe! Mama yako alikuwa jiwe!" Kobe akatafuna jani. "Bi Kalunguyeye! Yule Digidigi alikufa kwa ujinga wake!"

Hilo bibi alilisikia lote, neno kwa neno. Akamgeukia Korongo akitabasamu. "Eeh? Sema kwa nguvu, mwanangu, haya masikio hayana kazi tena."

"Wanasemaje?" akanguruma Kiboko.

"Hawasikii, bwana!"

"Takataka! Mwaga!"

"Ngoja kwanza, bwana." Korongo naye hakuwa mjinga. Alilelewa na nyanya yake, na alijua kwamba mzee anaweza kumeza tusi, ila salamu haiachi ianguke chini. Akanyata mpaka nyuma ya Kobe, akasema taratibu kabisa, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?" akasema Kobe.

Lahaula! Kiboko aliona mdomo wa Kobe ukichezacheza.

"Amesema nini huyo?"

"Ameitikia salamu, bwana! Amesikia!"

Kiboko akafungua kinywa, meno yote nje. Kobe wa watu akataka kuingia gambani, gamba lenyewe likawa kama limemkataa. Hapo hapo Bi Kalunguyeye akaligeukia jiwe. "Marahaba," akaliambia. Akakigeukia kichaka. "Marahaba, mwanangu." Akapita nzi. "Marahaba, marahaba, watoto hawajambo?" Nungunungu akaelewa, akaliinamia rundo la mavi ya tembo. "Marahaba, baba, za tangu juzi?" Kobe naye akaendelea, marahaba huku, marahaba kule, hakuna mti uliokosa.

"Umewasalimu wote hawa?" akauliza Kiboko.

"Sijawasalimu, bwana!"

"Basi wanamwitikia nani?"

Korongo akatazama huku, akatazama kule. Akakumbuka nyanya yake alivyokuwa akiitikia mlango ukifunguka na kuku akilia. Mabawa yakamlegea. "Hawamwitikii mtu, bwana. Ndivyo walivyo viziwi wa uzeeni. Wanaogopa kuonekana hawana adabu, basi wanaitikia hata upepo."

Kiboko akakipiga teke chungu cha nne, kikavunjika vipande, dawa ikanywewa na mchanga.

Hapo Bi Kalunguyeye angeweza kwenda zake. Mwingine angekwenda, akashukuru Mungu. Lakini akamwona Bi Digidigi bado yuko pale ukingoni, hajala, hajalala, anatazama maji. Na akakiona kile chungu cha kwanza, cheusi, chini ya jani lake. Basi akamgeukia Nungunungu, akapaza sauti kama wanavyopaza viziwi, msitu mzima ukasikia.

"Nungunungu! Haya maji ya mwisho hayana kitu! Ile ya kwanza ndiyo dawa! Hukumbuki marehemu alivyosema? 'Nasikia samaki wanamsengenya Bwana Kiboko! Ngoja niingie niwasikilize vizuri!' Akajitosa mwenyewe!"

Kiboko akashtuka. Hayo aliyasikia hata yeye. "Samaki? Samaki wangu? Wananisengenya ndani ya maji yangu? Korongo! Lete chungu cha kwanza!"

"Bwana, kile ni kikali. Kilimuua yule."

"Kilimuua digidigi, kitu cha kilo mbili! Mimi ni Kiboko! Au unataka kunificha, uje usikilize wewe peke yako? Mimina!"

"Tone moja, bwana?"

"Chungu kizima!"

Korongo alikuwa amezoea kutii, akatii. Akamimina sikio la kulia, gubugubugubu. Akamimina sikio la kushoto, gubugubugubu. Kiboko hata hajasikia kitu, akaanza kuzunguka, zungu, zungu, zungu, miti inavunjika, ardhi inatikisika, mpaka ukingoni, CHUBWI! Maji yakaruka yakawalowesha wote.

Bi Kalunguyeye alijua alichokifanya? Alijua. Msimsingizie wema.

Kiboko hakufa, kwa bahati mbaya. Ila masikio yalikufa. Mpaka leo anakaa majini, akiibuka anayatikisa, pwa-pwa-pwa-pwa, anajaribu kuitoa ile dawa.

Korongo akabaki na chungu kitupu. Wazee walipomzunguka, akasema, "Mimi nilitumwa tu."

"Una mdomo mrefu kuliko sisi wote," akamwambia Bi Kalunguyeye, "na Digidigi alipozama hukuufungua. Tupishe."

Wakachimba mizizi ya kutosha, mingine wakaiacha iendelee kuota. Wakachemsha ile ya nne, isiyoua, kama walivyomwona Korongo akiipunguza, wakapita shimo kwa shimo, kichaka kwa kichaka, hakuna mzee aliyerukwa. Wengine walicheka waliposikia sauti za wajukuu wao, wengine walikasirika waliposikia waliyokuwa wakisemwa.

Fungu la mwisho Bi Kalunguyeye akalibeba mwenyewe mpaka ukingoni. "Dada," akamwambia Bi Digidigi, "hili ni fungu lako. Ni haki yenu."

Bi Digidigi hakugeuka. "Mimi masikio yangu ni mazima, Bi Kalunguyeye. Nilikuwa nasikia kwa ajili ya watu wawili. Nilimsikia vizuri sana alivyoanguka."

Bi Kalunguyeye akauweka mzizi chini, akakaa karibu naye. Kichakani nyuma yao mende alikuwa akipita, naye alimsikia wazi, akamwacha apite.

Hadithi imefika mlangoni, inavua viatu. Ikiwa tamu, gawaneni wote. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko, yeye hapunguziwi.

Na funzo lake, watoto, shikeni sana. Mkubwa akikujaribia dawa, mwambie ukweli wote ikikufaa, kwa maana wakubwa hutimiza ahadi zao. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bi Kalunguyeye hakusikia la mkuu hata moja, na miguu yake yote minne mizima. Haya, kalaleni.